Jezi Namba Nane na Mtu Aliyekuwa Ndani Yake

Dakika ya sitini, tukiongoza bao moja kwa bila, nilimtoa Barasa uwanjani. Mtu aliniambia nimtoe, nami nikakubali, ilhali siku mbili kabla nilikuwa nimempa Barasa ahadi kwamba sitamtoa. Nikiulizwa leo ni neno gani ningependa kurudi nyuma nikaliseme, ni neno dogo tu: hapana. Halihitaji kompyuta.

Nimestaafu ukocha mwaka huu, na vijana wanaofundisha timu za huku Dagoretti wameniomba niandike niliyoyaona. Nadhani wanatarajia vikombe. Vikombe vyote nilivyopata vinaenea kwenye kabati la vyombo, na kimoja mke wangu anawekea vijiko. Kwa hiyo nitaandika juu ya mchezo mmoja nilioshindwa, na jinsi nilivyojifunga kamba mwenyewe.

Nilianza kama msaidizi wa Mwalimu Lusweti katika timu ya Nyundo ya Kabiria. Tuliitwa Nyundo kwa sababu nusu ya wachezaji walikuwa mafundi wa mjengo, na kwa sababu, kusema kweli, ndivyo tulivyocheza. Mwalimu alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka mingi na alitufundisha sisi vilevile: kwa chaki, kwa subira, na kwa kutuaibisha mbele ya wenzetu. Siku yangu ya kwanza alinipa filimbi, ndoo ya maji, na daftari la jalada la bluu. Akaniambia niandike kila kitu ninachokiona.

Mchezo ulipokwisha nikamletea kazi yangu, nimeiandika vizuri kwa wino. Akasoma, akavua miwani.

"Muchiri, umeandika hapa 'tisa anachechemea.' Tisa ni nani?"

"Ni yule mshambuliaji, Mwalimu. Si ndiye amevaa tisa?"

"Tisa inaumwa mguu? Namba ina mguu? Kesho nikimpa mwingine hiyo jezi, naye atachechemea?"

Wachezaji walicheka hadi wakakaa chini. Tangu siku hiyo niliandika majina. Niliandika nani amekuja na njaa, nani amekesha kazini, nani mke wake amejifungua, nani amebadilishana viatu na nani. Tabia hiyo iliniingia mwilini kama kupiga mswaki. Hupigi mswaki huku ukiwaza juu ya meno. Tatizo ndilo hilo, mtaliona.

Lazima niwaeleze habari ya jezi zetu, kwa sababu nyinyi mna jezi hadi za mazoezi. Sisi tulikuwa na jezi kumi na tatu. Zamani zilikuwa kumi na sita, lakini tatu zilianikwa kwenye seng'enge siku moja na hazikuonekana tena, ila moja tuliiona miezi kadhaa baadaye Kawangware, imevaliwa na muuza makaa. Kwa hiyo mchezaji akitolewa, alivua jezi pale pale mstarini na kumpa anayeingia. Aliyeingia aliivaa ikiwa imelowa jasho la mwenzake. Marefa wa ligi yetu walijua na wakanyamaza, maana wengine wao walikuwa wakipuliza filimbi za kuazima.

Barasa alivaa namba nane. Alikuwa kiungo, na kwa siku sita za juma alikuwa fundi wa mawe. Sijapata kufundisha mtu aliyeujua mpira namna ile. Hakukimbia sana. Alisimama mahali fulani, na baada ya muda mpira ulikuja mahali hapo, kana kwamba walikuwa na miadi. Ila alikuwa na shida moja: Jumamosi, saa kumi na moja jioni, ilimpasa awe langoni mwa nyumba moja iliyokuwa ikijengwa Karen, kushika zamu ya ulinzi. Tulianza kucheza saa tisa. Basi tukiwa tunaongoza, dakika ya sitini hivi Barasa alininyooshea mkono, nami nikamtoa. Alivua nane, akampa Ndolo, akapanda baiskeli yake na kuondoka akiwa bado na soksi za timu.

Ndolo alikuwa dereva wa lori la mchanga. Mtu mwema sana. Alikuwa mzito kumzidi Barasa kwa kadiri ya mfuko mmoja wa saruji, na pasi zake zilikwenda popote zilipotaka. Tulimweka pale kwa sababu hakukosa mazoezi hata siku moja na kwa sababu, tukiwa tumeshaongoza, hakuweza kuharibu mambo haraka.

Kisha Mwalimu Lusweti akapatwa na ugonjwa wa moyo, akarudishwa kwao Bungoma kupumzika, na mimi nikawa kocha mkuu. Nilikuwa na elimu ya kidato cha nne, filimbi yangu mwenyewe, na hofu kubwa kwamba watu watagundua mimi si Mwalimu. Waligundua juma la kwanza, lakini walikuwa na adabu.

Miaka hiyo ya elfu mbili na kidogo, kompyuta ya kubeba mkononi ilikuwa kitu cha kuheshimiwa. Mtu aliyekuwa nayo aliamkiwa kwanza. Mwenyekiti wetu, mwenye nyumba za kupangisha Waithaka na duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa na mkwewe aliyeishi Karen na aliyesoma ng'ambo. Jina lake Eric. Siku moja Mwenyekiti akamleta mazoezini.

"Kocha, huyu ndiye atatupandisha daraja," akasema. "Mpira siku hizi ni sayansi. Wewe utakuwa unasikiliza yeye, halafu unaambia vijana."

"Nitamsikiliza, Mwenyekiti," nikajibu. Ndio, mimi.

Eric alitukusanya katika ukumbi wa kanisa Waithaka, akatundika shuka nyeupe ukutani na kuturushia picha za hesabu zake. Kulikuwa na duara kubwa lililokatwa vipande vya rangi rangi.

"Hiyo keki ni ya nani?" akauliza kipa wetu kutoka nyuma.

"Si keki. Inaonyesha asilimia ya umiliki wa mpira."

"Sawa, lakini mimi niko kipande gani? Ile ya blue?"

"Wewe ni kipa. Hauko."

"Yaani nadaka mwaka mzima na kwa keki siko?"

Hapo umeme ukapotea, kama kawaida ya Waithaka, na somo likaishia gizani huku watu wakiimba wimbo wa siku ya kuzaliwa. Tangu siku hiyo jina lake likawa Pasenti.

Nisimwonee. Mara moja alitusaidia kweli. Aligundua kwamba kipa wa timu moja ya Uthiru hurusha mpira upande wa kushoto karibu kila mara. Tukamweka Barasa amngoje upande huo, akanyakua mpira mara mbili, na mara ya pili tukafunga. Baada ya bao hilo nilimwamini Pasenti kama mtu anayeamini mganga aliyemponya mafua. Nikaacha kumuuliza hesabu zinatoka wapi.

Nawaambia nyinyi sasa zilikotoka. Uwanja wetu wa Kabiria ulikuwa udongo mwekundu, na upepo ukivuma hata jirani yako humwoni. Pasenti aliogopa vumbi lisiingie kwenye kompyuta. Kwa hiyo aliegesha gari juu ya kilima kando ya ua wa kanisa, akafunga vioo, na kuhesabu pasi akiwa ndani. Wachezaji hakuwajua kwa sura. Hakuwahi kushuka kuwaamkia. Kutoka pale juu aliona migongo, na mgongoni kuna namba.

Mimi niliyajua yote hayo. Nilijua gari linaegeshwa wapi. Nilijua jezi zinavuliwa na kuvaliwa, maana mimi ndiye niliyesimama mstarini nikishika mkono wa jezi ili aliyelowa jasho aitoe bila kuichana. Sikuwahi kuweka mambo hayo mawili pamoja. Ubongo wangu ulikuwa umeenda likizo, ukaacha kompyuta ya mtu mwingine ikishika zamu.

Tulifika mchezo wa mwisho wa msimu tukihitaji ushindi ili tupande daraja. Mchezo ungechezwa katika uwanja wa mjini, wenye nyasi na majukwaa. Alhamisi yake Barasa alinijia baada ya mazoezi, akisukuma baiskeli.

"Koch, Jumamosi usinitoe. Tafadhali. Hata tukiwa tunaongoza tano."

"Na zamu yako ya Karen?"

"Nimepata mtu wa kunishikia. Kuna msee anakuja kuniona, ni kocha wa timu ya kiwanda huko Industrial Area. Wanatafuta namba nane. Ukichukuliwa kwa timu unaandikwa kazi, koch, kazi ya ndani, na sare. Mgongo yangu haitaki mawe tena. Nikiinama asubuhi, kuinuka ni maombi."

"Anafika saa ngapi?"

"Shifti yake inaisha saa tisa. Atanipata hafu ya pili."

Nikampa mkono. "Utacheza hadi filimbi ya mwisho."

"Nimeshukuru, koch," akasema, na akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Viganja vyake vilikwaruza kama msasa.

Ijumaa Pasenti akaniita mjini, katika mkahawa mmoja ghorofani karibu na River Road, juu ya duka la kuchapisha alikotolea karatasi zake. Aliniagizia chai na mandazi. Nadhani mandazi yale yalichangia. Akanisogezea karatasi moja.

"Kocha, tatizo lenu ni namba nane."

"Nane? Nane ndiye timu."

"Kipindi cha kwanza, ndiyo. Pasi zake karibu zote zinafika. Lakini angalia hapa, baada ya dakika sitini. Zinaanguka kabisa. Na si mara moja, mechi baada ya mechi. Anakuwa mzito, hakimbii, anapoteza mipira. Ni kama ni mtu mwingine."

Nawaomba msome tena maneno hayo. Mkwe wa Mwenyekiti, aliyesoma ng'ambo, alinieleza ukweli wote kwa mdomo wake mwenyewe, juu ya meza, mbele ya chai. *Ni kama ni mtu mwingine.* Nami nikatikisa kichwa polepole, kama mzee wa kanisa anayesikiliza mahubiri, na nikasema, "Ndiyo, uchovu."

"Basi kesho dakika ya sitini, unamtoa. Haijalishi matokeo. Mwenyekiti amekubali."

Ningeweza kumwambia kuhusu ahadi. Sikumwambia. Niliona haya kusema kwamba nina ahadi, mtu mwenyewe akiwa na mchoro.

Jumamosi Mwenyekiti alituletea jezi mpya, kumi na nane, kila moja na namba yake. Uwanja wa mjini haukuruhusu mambo ya kuvuliana nguo mstarini. Barasa akapata nane yake, Ndolo akapata kumi na sita. Ndolo aliinusa ile yake mpya akasema, "Leo sitavaa jasho ya mtu. Najisikia kama bwana arusi." Tulicheka wote. Mimi nilicheka kuliko wote, nikiwa na karatasi ya Pasenti mfukoni.

Tulicheza vizuri. Nyasi zilimpenda Barasa. Dakika ya thelathini na kitu alituma pasi moja kupitia katikati ya mabeki watatu, na mshambuliaji wetu hakuwa na kazi ila kugusa. Moja bila. Wakati wa mapumziko Barasa alikula kipande cha chungwa na kuangalia jukwaani.

"Bado hajafika," akaniambia.

"Atafika," nikasema.

Pasenti alikuwa amekaa jukwaani safu ya juu, kompyuta mapajani. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba betri yake ilikata moto kabla ya mapumziko. Kwa hiyo simu yangu ilipotetemeka dakika ya sitini, ujumbe ulikuwa umetumwa na mtu aliyekaa mbele ya kioo cheusi, akisoma nakala ya karatasi ya jana. Ujumbe ulisema: *60. Toa 8.* Karibu naye Mwenyekiti alikuwa amesimama akinitazama, mikono kiunoni.

Nikatazama uwanjani. Barasa hakuwa amechoka. Kocha yeyote anaweza kumwona mtu aliyechoka: anashika magoti, anafunga kamba za viatu ambazo hazijafunguka. Barasa alikuwa amesimama wima akionyesha vijana kwa kidole mahali pa kwenda. Macho yangu yaliniambia jambo moja, simu ikaniambia lingine, na Mwenyekiti alikuwa upande wa simu. Nikamwambia Ndolo avue fulana ya mazoezi.

Barasa alipoona namba yake imeinuliwa hakuelewa. Aliangalia nyuma kuona kama kuna nane mwingine. Kisha akaja taratibu hadi mstarini.

"Koch. Unanitoa mimi?"

"Pumzika kidogo, Barasa."

"Si uliniambia?"

"Ni mpango wa timu."

Kwa mazoea alishika pindo la jezi ili aivue. Akakumbuka kwamba Ndolo ana yake. Akaishusha, akakaa mwisho wa benchi, mbali na sote.

Yaliyofuata hayahitaji maneno mengi. Ndolo alifanya kile Ndolo alichokifanya siku zote, isipokuwa sasa ilikuwa juu ya nyasi na mbele ya watu wengi. Walisawazisha baada ya dakika kumi. Walipata la pili dakika za mwisho, kutokana na pasi ya Ndolo iliyoenda moja kwa moja miguuni mwa adui, nzuri kuliko pasi zote alizowahi kutoa.

Kati ya mabao hayo mawili, mtu wa makamo mwenye koti la kijivu na bahasha kwapani alisimama nyuma ya benchi letu.

"Samahani, mzee. Nane wenu yuko wapi? Nimeangalia uwanja mzima sioni."

Kabla sijafungua kinywa Barasa akasema, "Nane ametolewa."

"Ameumia?"

"Hapana. Ametolewa tu."

Yule mtu aliangalia saa, akatazama mchezo dakika chache, akaandika kitu kidogo juu ya bahasha. Kabla ya filimbi ya mwisho hakuwepo. Kiungo anayetolewa timu ikiwa inaongoza, bila jeraha, katika mchezo wa kupanda daraja: ningekuwa mimi ndiye mwenye bahasha, nami ningeondoka.

Jumapili baada ya ibada nilikaa nje ya nyumba na daftari la bluu, nikitafuta uchovu wa Barasa. Nilitaka kuuona kwa mwandiko wangu, nipate usingizi. Nikafungua mchezo wa kwanza wa msimu. "Dk. 60. Barasa aenda Karen. Ndolo aingia, avaa 8." Nikafungua wa pili. "Dk. 58. Barasa atoka, zamu. Ndolo ndani ya 8, jezi yambana." Wa tatu hivyo hivyo, wa nne hivyo hivyo. Kurasa baada ya kurasa, wino wangu, mkono wangu. Pasenti alikuwa amehesabu bila kosa hata moja. Alihesabu jezi. Uchovu wa namba nane ulikuwa ni Ndolo.

Na siku ya kwanza Ndolo kuwa na jezi yake mwenyewe ndiyo siku niliyomtoa Barasa kwa makosa ya Ndolo, nikamweka Ndolo ayafanye mwenyewe.

Nilimpelekea Mwenyekiti daftari. Akalisoma akiwa amesimama dukani, akasema, "Lakini wewe si ndiye uliandika haya? Kwa nini hukutuambia?" Hilo ndilo swali pekee la maana nililowahi kusikia kwake. Pasenti naye alisema kwamba data ilikuwa chafu. Mwaka uliofuata alihamia kwenye ufugaji wa kuku. Nasikia kuku hawavai jezi.

Jumatatu nilikwenda Karen. Barasa alikuwa juu ya ukuta akipanga mawe, kamba imenyooshwa mbele yake. Nilisimama chini na daftari langu nikamweleza yote: gari kilimani, vioo, jezi, mandazi. Alisikiliza huku akigonga jiwe kwa mpini wa mwiko hadi likakaa. Kisha akacheka, kicheko cha kweli.

"Kwa hivyo mimi nilikuwa sawa, lakini Ndolo ndani yangu ndiye alichoka."

"Ndivyo."

"Na huyo Pasenti si angeshuka tu kwa gari aulize jina?"

"Angeuliza. Hata mimi ningemwambia."

"Wewe ulikuwa unajua jina," akasema. Hakuwa anacheka tena. "Yeye sina shida na yeye. Yeye aliona namba. Wewe ulinishika mkono."

Nikamwambia nitakwenda mwenyewe Industrial Area kumtafuta yule mtu wa bahasha. Nilikwenda kweli, mara mbili. Mara ya pili aliniambia kwa upole kwamba nafasi ilijazwa Jumatatu ile ile.

"Sawa, mzee," Barasa alinijibu siku hiyo kutoka juu ya ukuta. "Wacha nimalize hii laini kabla saruji ikauke."

Mzee. Nilikuwa nimefika kwenye lango nilipolisikia neno hilo sawasawa. Kwa miaka yote alikuwa ameniita koch.

Nyundo ilivunjika msimu uliofuata, kwa sababu ni Barasa aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kuwaita wenzake mazoezini, na hakupita tena. Nilifundisha shule za upili miaka mingi baadaye, na vijana wengi wazuri walipita mikononi mwangu. Hesabu niliendelea kuzitumia, nanyi zitumieni. Lakini kila ninapoletewa karatasi huuliza jambo moja: aliyehesabu alikuwa amekaa wapi? Na simpi mchezaji mkono kuhusu jambo ambalo mtu mwingine anaweza kunibadilishia kwa simu.

Barasa bado anajenga. Hukutana naye Kabiria, amepinda mgongo, na hunisalimia vizuri kabisa. Hakucheza tena baada ya Jumamosi ile. Kazi ya kiwandani hakuipata. Mimi nilipoteza daraja, ambalo nimelisahau, na timu, ambayo naikumbuka mara moja moja. Nilichopoteza kweli ni mtu mmoja. Kabiria nzima, hadi yule muuza makaa wa Kawangware, bado inaniita koch. Barasa huniita mzee.